Probox langu la samaki: nilitengeneze au niongeze pesa nichukue la mtindo mpya?

Bi Changu, Malindi

Assalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Mimi ni mama wa samaki. Nanunua Ngomeni na Mayungu, natia barafu, nagawa kwa mahoteli na nyumba za Waitaliano kuanzia Casuarina hadi Watamu. Kamba na ngisi wakizidi, wanashuka Mombasa usiku. Kazi yote hiyo inafanywa na Toyota Probox la mwaka 2006, injini ya 1500, giya za mkono, namba za KBU. Nililichukua mtumba kwa mwenye duka la hadweya, na halijawahi kuniacha njiani isipokuwa siku mvua ilipoikata barabara ya Ngomeni, na siku hiyo hata malori ya chumvi yalilala.

Sasa limeanza mambo mawili. La kwanza, linakunywa oili. Siku hizi natembea na galoni nyuma ya kiti, na kila nikitia petroli nachomoa kijiti cha oili kwanza. La pili ni kutu. Nikiinua zulia la nyuma naiona barabara. Si tundu kubwa, lakini ni tundu. Na ukingo wa chini ya mlango wa kushoto, ukiubonyeza kwa kidole unavunjika kama biskuti.

Fundi wangu wa hapa mjini amenipa hesabu: injini nyingine ya mtumba kutoka Mombasa pamoja na kuifunga 85,000, kuchomelea bodi na sakafu 60,000, shokomzoba na springi za nyuma 30,000, tairi nne 34,000. Jumla 209,000.

Upande wa pili yuko muuzaji wa magari Mombasa. Ana Probox la 2018, umbo jipya, la petroli tupu, anataka 1,450,000. La haibridi, yaani la petroli na umeme, la 2019 anataka 1,620,000. Langu hili nimepata mtu wa Gongoni anayelitaka kama lilivyo, kutu ameiona, ametaja 350,000. Nina akiba ya 320,000. Kitakachobaki ni mkopo wa Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo.

Nyumbani kila mtu ana fatwa yake. Kaka yangu anasema gari likishaanza kunywa oili basi uza kabla mnunuzi hajajua. (Mnunuzi anajua, nimemwambia mwenyewe. Ni mtu wa Gongoni, tunakutana kila wiki, nitaanzaje kumficha?) Mwanangu yuko chuo Kilifi, yeye ni haibridi tu, haibridi, mama utaokoa mafuta. Wifi yangu naye ana hoja ambayo nikiwa peke yangu inanichoma kuliko zote: kwamba askari wa mageti ya hoteli wananisimamisha juani kwa sababu ya gari, na mpishi mkuu akichungulia dirishani akaona kile kigari, bei ya nguru wangu inashuka kabla hajamuona nguru.

Ninachokiogopa mimi ni kusi. Wanaojua bahari wananielewa. Kaskazi ikivuma, Novemba hadi Machi, bahari iko wazi, wageni wamejaa, pesa inaingia. Kusi ikiingia, mashua zinakaa juu, hoteli kadhaa zinafunga kabisa mpaka Julai, na Sacco haijui kusi wala kaskazi, inataka chake tarehe ileile. Pia nimeambiwa haya mapya hayana giya za mkono. Kweli?

Naomba mnijibu kwa anayejua kazi. Maneno ya "gari ni gari" nimeyapata ya kutosha nyumbani.

---

Fundi Mdogo, Kilifi

Shikamoo mama. Nina gereji hapa Kilifi, Probox ndizo zinazonilisha, na leo sina cha kukuuzia.

Kabla hujatoa hiyo 85,000 nijibu kitu kimoja: moshi unatoka lini? Ukiwasha asubuhi baada ya gari kulala, linatoa moshi wa buluu kwa muda mfupi kisha linatulia? Au linamoshea njiani ukikanyaga mafuta? Hayo ni maradhi mawili tofauti. La asubuhi peke yake mara nyingi ni sili za valvu. Mpira wake umekauka kwa miaka, oili inateremka polepole usiku mpaka ndani ya silinda, asubuhi inaungua. Sili zinabadilishwa injini ikiwa palepale ilipo. La kumoshea njiani ni ringi za oili kwenye pistoni zimeshikana kwa masizi. Injini hizi za 1NZ, kama ya Probox lako, za miaka ile zinajulikana kwa hilo, hasa zilizokaa na oili muda mrefu bila kubadilishwa.

Fundi wako amepima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda? Kama hajapima, amejuaje kuwa injini imekwisha? Mwambie apime silinda zote nne, na zikaribiane. Lakini angalia, kompresheni nzuri haikuambii kuwa ringi za oili ni nzima, kwa sababu kazi yake ni nyingine. Ndiyo maana nimeanza na moshi. Pia achungulie kama oili inavuja mbele, kwenye mfuniko wa cheni, na asafishe ile valvu ya injini ya kupumulia. Nimeona watu wanauza gari kwa sababu ya kale kavalvu.

Injini ya mtumba siipingi, nafunga kila mwezi. Ila hiyo utakayoletewa imetoka kwenye gari la umri uleule wa lako. Kama nayo inakunywa, utajua ukishalipa. Na namba ya injini imo kwenye logbuku, ukibadilisha lazima NTSA, wale wanaosajili magari, waandikishe, la sivyo siku ya kuuza utakwama.

Tuje kwenye kutu, maana hapo ndipo jibu lako lilipo. Probox halina chesisi ya kando kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba. Kwa hiyo kuna kutu ya aibu na kutu ya hatari. Tundu la sakafuni unakata, unachomelea bati, maisha yanaendelea. Ukingo wa chini ya mlango nao unatengenezeka kama fundi anakata mpaka kwenye chuma kizima badala ya kuziba kwa pati na rangi. Lakini lipandishe gari kwenye shimo, uchukue bisibisi nene, ugonge mahali springi za nyuma zinapokalia, mahali shokomzoba inaposhika juu, na pale pa kuwekea jeki. Kisha ufuate mabomba ya breki kutoka mbele mpaka nyuma kwa kidole. Bisibisi ikizama kwenye kikalio cha springi, mama, chukua 350,000 za mtu wa Gongoni umshukuru Mungu. Ikigonga na chuma kikatoa mlio, usiuze bado.

Giya: ni kweli. Umbo jipya lililotoka 2014 linakuja na otomatiki ya CVT tu, ile inayotumia mkanda badala ya giya za hatua. Si mbaya, ila inataka oili yake hasa, na haipendi kukwama matopeni na mzigo mzito huku dereva anakanyaga tu.

---

Kiki Tatu

Uza, nunua tuktuk mbili za mizigo, waajiri vijana, ukae kibarazani na kahawa. Kwisha.

---

Bi Changu, Malindi

Kiki Tatu, tuktuk ya Ngomeni mpaka Watamu na barafu? Ukifika unagawa supu.

Fundi, ahsante mwanangu. Moshi ni wa asubuhi tu. Jirani ndiye anayeulalamikia, mimi njiani siuoni kwenye kioo. Kompresheni hakupima, aliweka sikio. Kesho kutwa nitalipeleka lipimwe kwa mtu mwingine, na hilo shimo nitaingia mwenyewe.

---

Mtu wa Bandari, Mombasa

Dada Bi Changu, kazi yangu ni kutoa magari bandarini. Nakueleza upande wa kununua, kisha uamue mwenyewe.

Sheria ya umri unaijua pengine: gari linaloingia nchini lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kuanzia Januari 2026 anayeagiza upya anaanzia 2019. Hilo la 2018 la muuzaji wako liliingia wakati wake, halina kosa. Ila jua kwamba mwaka huu linakuwa la mwaka wa chini kuliko yote yanayoshuka melini, na bei yake lazima ilione hilo. 1,450,000 ni bei ya kuanzia mazungumzo.

Watu huuliza kwa nini gari lililonunuliwa rahisi Japani linafika ghali hivi. KRA, watoza kodi, hawaangalii ulicholipa mnadani. Wana orodha yao ya bei za magari mapya, wanapunguza kulingana na umri, wanatoa kodi zilizomo ndani ya bei hiyo, na kinachobaki ndicho kinachotozwa. Chukua mfano thamani hiyo imetoka 400,000, injini haizidi 1500. Ushuru wa forodha asilimia 35, ni 140,000. Ushuru wa bidhaa asilimia 20 juu ya jumla ya hapo, 108,000. VAT asilimia 16 juu ya jumla mpya, 103,680. Ongeza ada ya tamko la forodha asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2, ni 18,000 zote mbili. Umeshafika 369,680, na gari lenyewe, meli na bandari hujalipa. Injini ikipita 1500, ile ishirini inakuwa ishirini na tano. Ndiyo maana Probox na wenzake wamejaa barabarani.

Sasa lililo muhimu kwako hasa. Mwambie muuzaji akuonyeshe karatasi ya mnada, ile ya Japani yenye mchoro wa gari. Herufi S kwenye mchoro ni kutu. C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Alama ya daraja ikiwa R, gari liligongwa likatengenezwa. Na uulize lilitumika mkoa gani. Kaskazini kule, Hokkaido na majirani zake, theluji ikianguka wanamwaga chumvi barabarani. Gari la kule linang'aa juu, chini limeliwa. Utatoka kwenye kutu ya Ngomeni uingie kwenye kutu ya Hokkaido, na deni juu. Akikwambia karatasi imepotea, na wewe potea.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: uwezo wa kubeba ni uleule. Probox la zamani limeandikwa kilo 400 likiwa na watu wawili mbele, jipya kilo 400. Hutapakia hata sanduku moja zaidi.

Na kama utaona la hapa nchini, namba za KC, bei nafuu, chunguza lilifanya kazi gani. Probox lililokimbiza miraa na muguka usilikaribie hata likiwa limepakwa waridi.

---

Ami wa Mokowe

Binti yangu, salaam. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu. Vichochoro vya mji havipitishi gari, kule ni punda na miguu, kwa hiyo gari langu linalala Mokowe karibu na jeti, upepo wa bahari mchana na usiku. Kutu naijua kuliko wanangu.

Nakuuliza tu. Hicho kilichotoboa sakafu ni umri wa gari au ni maji ya barafu? Kwa sababu kama ni maji ya samaki, hilo la 2018 ukilipakia kamba wiki ya kwanza limeshaanza. Chuma hakijui kimetoka mwaka gani. Mimi nimebeba kamba wa Mokowe mpaka Mombasa kwa magari mawili. La kwanza liliniozea sakafu. La pili lina kazi hiyohiyo, njia hiyohiyo, sakafu yake ni ya kiwandani mpaka leo.

Tofauti ni trei. Nenda kwa mafundi wa boti za fiberglasi, Malindi hapo wapo, wanaotengeneza boti za uvuvi na za watalii. Mwambie akufanyie beseni moja la kujaa nyuma yote, kingo ziwe juu, pembe ziwe mviringo, na sakafu yake iinamie upande mmoja. Mwisho wa mwinamo tundu, na tundu lina bomba. Hapo wengi wanaharibu: wanatoboa, maji yanadondoka chini ya gari, juu ya ekseli na springi. Umehamisha kutu kutoka juu kwenda chini. Bomba liende mpaka nje kabisa nyuma ya bampa, liwe na kizibo, ufungue ukifika mahali pa kumwaga. Maji ya samaki usiyamwage barabarani, watu wanapita.

Trei isigandishwe. Iwe ya kutoa. Ukigandisha kwa gundi, chumvi itapita pembeni, itakaa chini yake bila kuonekana, na siku utakayoona itakuwa imeshakwisha kazi. Mimi natoa kila Ijumaa kabla ya sala, naosha juu na chini kwa maji baridi ya kisima kisicho na chumvi. Vile vitundu vidogo chini ya milango navichokoa kwa waya, vikiziba maji yanakaa ndani ya mlango. Chini napuliza oili chafu.

Kuhusu mwanao na haibridi, mwambie ami amesema: betri yake kubwa iko sehemu ya kiti cha nyuma, na inapozwa na feni inayovuta hewa ya humo ndani ya gari. Hewa ya gari lako wewe ina chumvi, ina unyevu, ina magamba. Haibridi ni gari la mwalimu.

---

Mwalimu wa Gede

Ami, mwalimu nimesikia. Nina Toyota Fielder, si haibridi, na bado naulizwa kila siku naliuza lini.

Bi Changu, mimi ni mweka hazina wa Sacco ya walimu kwa miaka, kwa hiyo niruhusu nishike kalamu. Mapya mawili kwanza. La petroli 1,450,000, toa 350,000 na akiba 320,000, unabaki na deni la 780,000. Kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, miaka mitatu, ni karibu 26,000 kila mwezi. La haibridi deni ni 950,000, karibu 31,500 kila mwezi. Na katika hali zote mbili akiba yako ni sifuri siku unapochukua ufunguo. Bado hujaweka bima. Mkopeshaji atataka bima kubwa, si ile ya mtu wa tatu uliyonayo sasa, na hiyo inakatwa kwa asilimia ya thamani ya gari.

Mwanao anasema utaokoa mafuta. Ni kweli, tumpe haki yake. Tuseme unatembea kilomita 2000 kwa mwezi, petroli 180 kwa lita. Gari lako likienda kilomita 13 kwa lita unachoma karibu 27,700. Haibridi ikienda 20 kwa lita ni 18,000. Umeokoa karibu 9,700. Nzuri. Lakini umeongeza 31,500 ili kuokoa 9,700.

Kinachonisumbua mimi ni kile ulichokisema mwenyewe na wote wakakiruka. Aprili mpaka Julai unapata nini? Sacco nyingi, ukienda mapema kabla ya kusaini, zinakubali kupanga marejesho makubwa miezi ya mavuno na madogo miezi mikavu. Wakulima wanapangiwa hivyo. Mvuvi ana tofauti gani? Ila lazima uombe kabla. Ukienda Mei umeshachelewa malipo, unaongea kama mdaiwa, hakuna atakayekusikiliza.

Wifi yako nimemwelewa vizuri. Lakini askari wa geti anatazama nini? Gari chafu au gari kuukuu? Hapa Gede kuna mzee ana pikapu ya zamani sana, safi, ina jina la biashara ubavuni, anaingia hoteli yoyote ya Watamu bila kuulizwa.

---

Fundi Mdogo, Kilifi

Ami, nakuheshimu, ila oili chafu hapana. Inaonekana imeshika, vumbi la Gongoni likija linaganda juu yake, chini yake kunabaki unyevu. Na inaharibu mipira: bushi, mipira ya stebilaiza, bomba za breki za mpira. Kuna nta ya kupuliza ndani ya vyuma vilivyo wazi ndani, ghali kidogo lakini inafika pembeni ambako brashi haifiki. Ipulizwe baada ya kuchomelea, chuma kikiwa kimekauka kabisa. Trei nakubaliana nawe mia kwa mia.

---

Ami wa Mokowe

Mwanangu, hiyo nta iko Mokowe? Hakuna. Oili chafu ipo. Bushi nabadilisha mwenyewe.

---

Bi Changu, Malindi

Nimerudi, na nina majibu.

Kompresheni imepimwa, zote nne zimekaribiana. Fundi mpya aliliacha gari lilale kwake, asubuhi akaliwasha mwenyewe, likamoshea, likatulia. Akasema sili za valvu, na ile valvu ya kupumulia ilikuwa imeziba kabisa, alinionyesha. Kazi yote 15,000. Kwa hiyo ile 85,000 imeondoka mezani. Fundi wangu wa zamani nilipomwambia akasema "hata hiyo inawezekana", akaendelea na kazi yake. Sikutaka maneno.

Kisha nikaingia shimoni na bisibisi, buibui nimelikunja, vijana wa gereji wanacheka. Nikagonga kila mahali ulipotaja. Ukingo wa kushoto umekwisha, wa kulia una malengelenge tu. Sakafu ina matundu mawili, si moja. Vikalio vya springi vimepakwa kutu juu lakini vinalia chuma. Bomba moja la breki la kwenda nyuma limevimba, nimeambiwa libadilishwe leo si kesho, na limeshabadilishwa. Hilo peke yake lilinipa kizunguzungu, maana njia ya Mombasa usiku naijua mwendo wake.

Ami, umenikata maneno. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema "gari limezeeka", kumbe lile tundu liko palepale ninapoweka sanduku la kamba, na jingine chini ya pipa la barafu. Mbele ambako hakumwagiki maji, bati ni zima mpaka rangi yake. Gari la 2018 ningelilisha maji yaleyale.

Nilichoamua: natengeneza. Sili na bodi na shokomzoba na tairi, 139,000, natoa kwenye akiba bila kukopa. Mtu wa Gongoni nimemwambia asubiri, akasema bei yake itapanda nikimaliza, tukacheka. Kaskazi hii nitaweka kando kila mwezi ile 26,000 ambayo ningeilipa Sacco, na kusi nitaweka kitakachopatikana hata kama ni elfu mbili. Nikifikisha cha maana ndiyo nitakwenda Mombasa na pesa yangu, nikitaka karatasi ya mnada kwanza kabla ya chai. Na Mwalimu, nimeuliza Sacco yetu kuhusu marejesho ya msimu. Yule dada wa kaunta hakuwahi kusikia. Meneja alikuwa amesikia. Barua nimeandika.

Mwanangu hajaridhika. Anasema nimefikiri kizamani. Nimemwambia akimaliza chuo akanunua la kwake nitapanda kiti cha nyuma juu ya betri.

Wifi naye nimempa nusu. Gari litapakwa rangi upande wa kushoto ambako linachomelewa, na nikiwa hapo nitapaka wote, jina la biashara ubavuni na namba ya simu. Tukutane getini tuone.

Limebaki moja. Fundi wa boti nimempata, yuko tayari, anataka vipimo vya trei. Nipime sakafu peke yake?

---

Ami wa Mokowe

Usipime sakafu kwanza. Pima uwazi wa mlango wa nyuma, chini na juu, kwa sababu juu unabana, na uangalie pale taya za magurudumu zinapoingia ndani. Trei yangu ya kwanza ilitoshea sakafu barabara na haikupita mlangoni, ikakatwa vipande viwili. Mwambie aache upana wa vidole viwili kila upande, na vishikio viwili vya kamba kwenye kingo, utahitaji mtu wa pili kuitoa. Na kizibo cha bomba kiwe cha boti, cha kuskurubu. Cha mpira kinachomoka kwenye tuta la kwanza.

---

Fundi Mdogo, Kilifi

Na asitoboe tundu la bomba mpaka fundi wa bodi amalize kuchomelea. Waongee wao wawili kabla, vinginevyo bomba litatokea katikati ya bati jipya.